Tukienda Lamu, tuwaangalie na punda



Tangu mazungumzo ya ziara ya Lamu yaanze msikitini kwetu Kiegei, swali ninaloulizwa zaidi na kina mama si la nauli wala la hati za kuvukia mpaka. Ni hili: je, yafaa kumpeleka mtoto kutazama mbio za punda? Wengi huliuliza huku wakitabasamu, kana kwamba ni jambo dogo la kupisha maneno. Mimi nimeliona kuwa ni swali zito kuliko la nauli, kwa sababu ndani yake mna mambo matatu ambayo familia zetu zinayahitaji hata kama haziendi popote: hukumu ya mashindano, hukumu ya fedha inayowekwa juu ya mashindano, na haki ya kiumbe asiyesema.

Kwa wasiofahamu, Lamu ni mji wa Waislamu wa kale katika kisiwa cha kaskazini mwa pwani ya Kenya. Shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba gari halipiti, basi kila kinachoingia nyumbani kwa mtu, iwe gunia la mchele, saruji, mchanga, mawe ya matumbawe au boriti za mikoko, huingia juu ya mgongo wa punda au juu ya bega la hamali. Kila mwaka katika Mfungo Sita, mwezi wa Rabiul-Awwal, watu kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki na Visiwa vya Ngazija humiminika huko kwa ajili ya Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, ulioko mtaa wa Langoni. Msikiti huo ulijengwa mwanzoni mwa karne iliyopita kwa juhudi za Habib Swaleh bin Alawi Jamalullail, sharifu aliyetoka Ngazija akiwa kijana, akawafungulia mlango wa elimu wanyonge ambao watu wakubwa wa mji hawakuwa wakiwakalisha nao darasani. Sikusudii leo kuufungua mjadala wa Maulidi yenyewe. Wenye kuusoma na wasiousoma wamo katika safu zetu hizi hizi za sala, na kila upande una hoja zake ulizozizoea.

Ninachokizungumzia ni kilichoambatana nayo. Katika siku hizo kuna mashindano ya kuogelea, ya majahazi, ya bao, ya kupaka hina na ya kuandika khati. Na kubwa kwa watazamaji ni mbio za punda katika njia ya pwani mbele ya mji. Vijana hupanda bila tandiko, wamekaa nyuma karibu na kiuno cha mnyama, huku umati umejipanga kandokando. Punda, kama ajuavyo aliyewahi kumfuga, si farasi. Akiamua kusimama husimama, na akiamua kuingia katikati ya watu huingia. Hapo ndipo watu hucheka. Watalii nao huja na viongozi wao wa safari, wakipangiwa mahali pa kulala na pa kusimama ili wazione mbio hizo vizuri.

Sasa hukumu. Dini yetu haikuja kuua furaha ya mwili. Imepokewa katika Sahihi mbili, kwa Abdullah bin Umar (radhi za Allah ziwe juu yao wawili), kwamba Mtume (saw) aliendesha mashindano ya farasi. Wale waliokwisha kuandaliwa kwa mazoezi na lishe maalumu wakaanzia Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wadaa, mwendo unaokadiriwa kuwa maili tano au sita. Na wale wasioandaliwa wakaanzia Thaniyya mpaka msikiti wa Banu Zuraiq, mwendo wa kama maili moja. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopanda. Ningependa msomaji asiipite habari hii haraka. Mara nyingi huisoma tukaishia kwenye neno la kwamba mashindano yanajuzu, tukaacha lililo bora zaidi: kwamba mnyama aliyeandaliwa alipewa masafa yake, na asiyeandaliwa akapewa yake. Hakuna aliyebebeshwa asichokiweza ili watu wafurahi.

Na katika masimulizi ya nyumbani kwake, Bibi Aisha (ra) anasimulia kuwa walishindana mbio kwa miguu wakiwa safarini, naye akamshinda Mtume (saw). Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena na Mtume (saw) akamshinda, kisha akamtania kuwa hiyo ni malipo ya ile. Hii nawaandikia kina baba wenzangu wanaodhani kuwa uso wa kununa ni sehemu ya uchamungu.

Kuhusu mnyama gani afaa kushindaniwa kwa zawadi, hadithi inayotegemewa inataja mwenye ukwato wa ngamia, mwenye ukwato wa farasi, na mshale. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakauliza: je, punda anaingia? Imamu Nawawi katika Minhaj amemtaja, pamoja na tembo na nyumbu wa kufugwa, kuwa mashindano juu yake yanasihi kwa kauli iliyo dhahiri zaidi. Kwa hiyo mbio za punda wa Lamu, kwa upande wa mnyama mwenyewe, hazina tatizo. Kupiganisha majogoo au kugonganisha kondoo dume ni jambo jingine kabisa, hilo limekatazwa, kwani mchezo wake ni maumivu yao.

Kwa upande wa fedha, hapa ndipo nataka vijana wasome mara mbili. Zawadi ikitolewa na mtu wa tatu asiyeshindana, kama vile mfadhili, serikali au kamati, ni halali. Ikitolewa na mmoja wa washindani wawili kwa kusema "ukinishinda chukua, nikikushinda hunidai", ni halali pia. Lakini wakiweka wote wawili na mshindi akazoa, hiyo ni kamari, ila aingie mshindani wa tatu ambaye hakuweka kitu na ana uwezo wa kweli wa kushinda. Na mtazamaji aliyesimama pembeni, asiyepanda wala asiyefuga, akaweka fedha yake juu ya punda wa fulani? Huyo hana mlango hata mmoja wa kuingilia. Ni sawasawa na yule kijana wetu wa kijiweni anayeinamia simu akibashiri magoli ya timu za Uingereza kwa fedha ya mbaazi za mama yake. Jina limebadilishwa likaitwa kubeti, likapambwa na matangazo ya redio, lakini maisiri ni maisiri. Mtoto anayeona mbio Lamu na kumwona mshindi akipewa zawadi na wenyeji ana fursa nzuri ya kufundishwa tofauti hii kwa macho yake. Ni darasa ambalo ubao wa madrasa hauwezi kulitoa.

Jambo la pili ni la wapandaji. Mara nyingi ni vijana wadogo, wepesi wa mwili, ambao siku nyingine zote wanafanya kazi na punda hao hao. Kwa Lamu sioni ubaya mkubwa: ni mwendo mfupi, ni mji wao, na wazazi wao wamesimama pale pale. Lakini tukitaka kujua jambo hili linaweza kufika wapi, tutazame mbio za ngamia za nchi za Ghuba. Kwa miaka mingi watoto wadogo mno, wengine hawajafika hata umri wa kuingia shule ya msingi, walitolewa Pakistan, Bangladesh, Sudan na kwingineko, wakapandishwa juu ya ngamia kwa sababu ya wepesi wao. Walinyimwa chakula wasinenepe, wakaanguka, wakavunjika. Ilipofika mwaka 2005 Falme za Kiarabu zilipiga marufuku kuwatumia walio chini ya miaka 18, na Qatar nayo ikahamia kwenye vidude vya mashine vinavyofungwa mgongoni mwa ngamia na kuongozwa kwa mbali. Waliofanya hayo kabla ya marufuku walikuwa watu wanaosali. Waliochangia kuyafichua walikuwa pamoja na mashirika ya watu wasiosali. Ukweli huo ni mchungu, lakini hatupungukiwi na kitu kwa kuusema. Mchezo wenye asili ya halali uliharibiwa na tamaa ya wenye mali, na mzazi Mwislamu anapaswa kulijua hilo kabla ya kuidhinisha jina la mwanawe katika shindano lolote.

Mashindano ya wanyama yanayofuatwa na wageni si ya kwetu peke yetu. Huko Alaska, jimbo la Marekani lililo karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, hufanyika kila mwezi wa Machi mbio ziitwazo Iditarod. Mtu mmoja husimama nyuma ya kigari kisicho na magurudumu, kinachoteleza juu ya theluji, kikikokotwa na mbwa wapatao 14 hadi 16, kutoka Anchorage mpaka mji wa Nome, masafa ya takriban kilomita 1,600. Zilianza mwaka 1973. Wageni wenye uwezo hulipa wakaongozwa kwa ndege ndogo zinazotua juu ya theluji, wakifuata kituo hadi kituo kuwaona mbwa wakipita.

Asili ya umaarufu wa njia hiyo inawahusu wazazi. Mwezi wa Januari mwaka 1925 ugonjwa wa dondakoo uliingia Nome na kuanza kuua watoto. Dawa ya kuutibu ilikuwa mbali, bahari imeganda, na ndege za wakati ule hazikuaminika katika baridi ile. Ikabidi ipelekwe kwa mbwa: waendeshaji 20 na mbwa karibu 150 walipokezana kwa masafa ya kilomita zaidi ya 1,000, wakafikisha dawa kwa siku tano na nusu. Ugonjwa huo ndio ule ule ambao watoto wetu hukingwa kwa chanjo ya wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne pale zahanati, bila mbwa wala theluji, kwa mwendo wa baiskeli. Mama aliyeruka tarehe ya pili kwa sababu ya palizi aitazame kadi yake leo.

Nimemtaja mbwa, na najua kuna atakayefunga ukurasa. Avumilie kidogo. Kwa madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokitia ulimi huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wenzetu wa Imamu Malik wanamwona kuwa ni tohara akiwa hai. (Namfikiria Mshafi aliyeko Alaska mwezi wa Machi akiutafuta udongo chini ya theluji.) Lakini unajisi haukuwa kamwe ruhusa ya kutesa. Mtume (saw) ametusimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa. Qur'ani imemtaja mbwa wa watu wa pangoni pamoja na wenyewe. Na sheria imeruhusu kumfuga kwa mifugo, kwa uwindaji na kwa kulinda shamba, jambo ambalo mkulima wa Kiegei anayepambana na nguruwe pori na ngedere halihitaji kuelezwa. Anayemfuga kwa ulinzi ana wajibu wa kumlisha na kumpeleka akachanjwe kichaa cha mbwa. Na watoto wanaomrushia mawe mbwa wa jirani njiani kwenda madrasa, juzuu zikiwa kwapani, wanatakiwa kukaripiwa na mtu mzima yeyote anayepita.

Hata hao wa Alaska wanabishana wenyewe kwa wenyewe. Kanuni zao zinalazimisha mapumziko, mojawapo ya saa 24 kamili, na madaktari wa wanyama hukagua mbwa vituoni. Hata hivyo katika mbio za mwaka 2024 walikufa mbwa watatu, na wapo wanaotaka mashindano yote yafutwe. Sitaingia katika ugomvi wao. Ninachokichukua ni kwamba wamefika mahali pa kuuliza: furaha hii ya watazamaji, mnyama anailipia nini?

Nasi tulirudishe swali hilo Lamu. Mgeni huwaona punda siku ya mbio wakiwa wamepambwa. Awaangalie siku ya pili yake, alfajiri, wakipanda kutoka forodhani na saruji. Atawaona wenye afya na ngozi laini. Na atawaona pia wenye vidonda vya kamba mgongoni, na wenye kwato zilizopinda. Mwaka 1987 shirika la hisani kutoka Uingereza lilifungua hapo kituo cha kuwatibu punda bila malipo, na kumekuwa na utaratibu wa kuwatunuku wenye punda waliotunzwa vizuri zaidi. Nasema wazi kuwa, kwa mizani yangu, tuzo hiyo ina uzito kuliko ya mwenye mbio. Mwenye mbio amefanya kazi ya dakika chache. Mwenye punda mzima amefanya kazi ya mwaka. Na ingependeza zaidi kama kituo hicho kingekuwa ni wakfu wa Waislamu, kwani sisi ndio tuliosimuliwa habari ya ngamia aliyetokwa na machozi mbele ya Mtume (saw) kwa njaa na kazi nyingi, naye akamwita mwenyewe na kumkumbusha kumwogopa Allah. Sisi ndio tuliopokea kuwa alipomwona punda aliyepigwa chapa usoni alimlaani aliyefanya hivyo. Yeye mwenyewe (saw) alipanda punda, akampakia Muadh bin Jabal nyuma yake, wakati wakubwa wa dunia walikuwa wakiona fedheha kupanda mnyama huyo.

Kuna tishio jingine ambalo si la kamba wala fimbo. Katika miaka ya karibuni biashara ya ngozi za punda, zinazopelekwa China kutengenezewa dawa, ilifungua machinjio Kenya na hapa kwetu, na wizi wa punda ukaenea. Familia inaamka na kukuta zizi tupu, na mama anarudi kubeba maji kichwani. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Kwa Mwislamu nyama ya punda wa kufugwa ni haramu tangu siku ya Khaibar, na riziki ya mwizi wa punda haihitaji fatwa.

Mtu wa kusini anaweza kusema haya hayatuhusu, maana sisi punda hatunao. Ni kweli, na sababu yake ni ndorobo. Mdudu huyo aliwamaliza wanyama wa mizigo katika misitu yetu, ndiyo maana njia ya kale kutoka Kilwa mpaka Ziwa Nyasa haikuwa ya punda wala ngamia. Ilikuwa njia ya wapagazi. Pembe za ndovu zilishuka pwani juu ya mabega ya watu, na wengi wao nao waliuzwa pamoja na pembe walizozibeba. Babu zetu ndio waliokuwa punda wa njia ile. Kwa hiyo mtoto wa Nachingwea anapomwona Lamu punda amepakiwa mifuko miwili ya saruji, ana jambo la kuambiwa na mzazi wake ambalo mtalii wa Ulaya hana.

Basi jibu langu kwa kina mama ni kwamba yafaa, na mtoto apelekwe, kwa masharti haya. Asimame na mzazi wake nyuma ya umati, siyo mbele, kwani punda anayekimbia hana breki. Asipigiwe kelele za kumtaka mpandaji aongeze fimbo. Wanawake na wanaume wasisukumane katika msongamano wa pwani. Kuna mabaraza ya kutosha ya kutazamia. Wakati wa sala ukiingia, mbio zitabaki huko huko.

Kwa safari yenyewe, njia ni Dar es Salaam, Tanga, Horohoro, Mombasa kwa kivuko cha Likoni, Malindi, Garsen mpaka Mokowe, kisha mashua. Kipande cha mwisho hakichezewi. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014 mabasi ya huko yamekuwa yakipita na ulinzi wa polisi, na kiongozi wa msafara anayewaahidi kusafiri usiku ili kuokoa gharama asisikilizwe. Kila mtu mzima awe na pasi au hati ya muda ya kusafiria, na watoto wawe na hati zao. Hakuna fedha itakayopokelewa na mtu mmoja mkononi. Kamati imekwisha kuona, kwa msafara mwingine ulioandaliwa na wakala mmoja wa mjini, jinsi majina yalivyoandikwa kwenye daftari na daftari likapotea.

Limebaki la wazee, ambao wamesema kwa haki kuwa Mfungo Sita miaka hii unaangukia Agosti na Septemba, wakati fedha ya ufuta imekwisha kuingia na ya korosho bado. Fedha hiyo ndiyo inayotakiwa kuvusha nyumba hadi minada ya korosho. Nakubaliana nao. Mwenye deni la pembejeo au ada ya mtoto asiandikishe jina, wala asikope kwa ajili ya ziara hii, ambayo si faradhi wala haikaribii kuwa faradhi. Kwa wengine tumeweka utaratibu wa kuchangia kidogo kidogo kila Ijumaa, na anayejitoa kabla ya siku thelathini za safari atarudishiwa chake chote. Kina mama wajane watatu wameomba kwenda pamoja na kaka zao, na kamati imewakubalia. Majina ya mahramu yaletwe kwa maandishi kabla ya kikao kijacho.

Wabillahi tawfiq.